Marejeo ni Ngamani: Mifano ya Vyombo vya Majini, Wakusanyaji na Hatima ya Msamiati wa Kiswahili



Utangulizi

Kila mwanafunzi wa Kiswahili anaifahamu methali isemayo: Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Huifafanua bila taabu. Mtu ahangaike huku na huko apendavyo, hatimaye hurejea pale palipo asili yake. Lakini akiulizwa tezi ni wapi, omo ni upande gani na ngama ni kitu gani, mara nyingi hunyamaza. Maana ya jumla anayo, chombo chenyewe hana. Methali imebaki vinywani, ilhali jahazi lililoizaa limeondoka machoni pa wengi wanaoitumia.

Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni sehemu ya mbele, na ngama ni kule chini kabisa ndani ya chombo, ambako maji huchuruzikia na baharia huyateka kwa upo. Njia nyepesi ya kumfundisha mwanafunzi mambo hayo ni kumpa mfano mdogo wa jahazi aushike mkononi, augeuze na kuchungulia ndani yake. Mifano ya namna hiyo ipo. Hutengenezwa na mafundi wa Lamu na Zanzibar, hununuliwa na watalii na wakusanyaji, kisha husafirishwa kwenda kuwekwa juu ya makabati na katika vyumba vya makumbusho ya mbali. Swali la mhadhara huu ni hili: mfano unapoondoka mikononi mwa fundi, ni nini kinachoondoka nao, na ni nini kinachobaki?

Huenda ikashangaza kwamba swali hilo linaelekezwa pia Nyegina. Nyegina iko katika Wilaya ya Musoma, mkoani Mara, jirani na mji wa Musoma na mwambao wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Ni mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Hindi, na ziwa lenyewe liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo, katika mialo ya ukanda huo mitumbwi ya mbao ingali inaundwa ubao kwa ubao, na majina ya sehemu zake yangali vinywani mwa waundaji. Pwani inaonyesha yale ambayo yamekwisha kutokea. Nyegina inaonyesha yale ambayo bado yanaweza kuzuiwa.

Udogo na uwiano

Kiswahili kina njia mbili za kukitaja chombo kidogo. Njia ya kwanza ni ya kimofolojia: kwa kiambishi cha udogo, jahazi huwa kijahazi na dau huwa kidau. Njia ya pili ni ya kileksika: mfano wa jahazi, kielelezo cha jahazi, au kwa wengine sanamu ya jahazi. Njia hizi hazilingani kimaana. Kijahazi kinaweza kuwa jahazi la kweli lililo dogo tu, linalobeba watu na shehena. Mfano wa jahazi haubebi mtu, lakini unadai jambo ambalo kijahazi hakidai, nalo ni uwiano. Kila sehemu iliyomo katika kikubwa iwemo katika kidogo, kwa kadiri ile ile.

Uwiano huo haukuwa mgeni kwa mafundi wa pwani, ingawa hawakuwa na michoro. Walipima kwa viungo vya mwili: wanda, shubiri, dhiraa na pima. Shubiri mbili ni dhiraa moja, na dhiraa nne ni pima moja. Katika hesabu ya kale dhiraa moja ilikuwa na wanda 24. Basi fundi akiamua kwamba kila dhiraa ya jahazi iwe wanda moja ya mfano, amekwisha kupata kipimo cha moja kwa ishirini na nne bila rula wala karatasi. Jahazi la dhiraa 30, ambalo lina urefu wa karibu mita 14, litakuwa na mfano wa wanda 30, yaani karibu sentimita 57. Kipimo hicho cha moja kwa ishirini na nne kinafahamika vyema kwa waundaji wa mifano wa Ulaya na Marekani.

Fundi anayejenga mfano kwa kufuata uwiano hulazimika kupita katika hatua zote za kujenga chombo kikubwa. Huanza kwa kulaza mkuku, ambao ndio uti wa mgongo wa chombo. Husimamisha hanamu upande wa mbele na fashini upande wa nyuma, mahali patakapofungwa usukani. Hupandisha mbao za ubavuni na kuzitia mataruma, yaani mbavu zinazoshikilia umbo kwa ndani. Hulaza darumeti za kuunganisha pande mbili. Hukalafati nafasi kati ya mbao kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Mwishowe husimamisha mlingoti, hutundika foromali na kufunga tanga, pamoja na demani na kamba nyingine za kulielekeza.

Katika kazi hiyo hakuna hatua isiyokuwa na jina. Mwanagenzi anayetumwa kuleta taruma akaleta darumeti hukemewa, hurudi, na siku ya pili hakosei tena. Kwa hiyo mfano uliojengwa hivyo ni darasa la msamiati. Humo hukutana tabaka mbalimbali za historia ya lugha: nahodha, nanga na bandari zenye asili ya Kiajemi, usukani na kalafati zenye asili ya Kiarabu, tanga, kafi na mtumbwi za Kibantu. Nadra kuona katika kitu cha sentimita 57 historia ya mawasiliano ya Bahari ya Hindi ikiwa imepangwa kwa utaratibu kiasi hicho.

Mtepe: umbo lililosalia

Ni haki kuanza na wema wa wakusanyaji kabla ya kutaja kasoro zao. Mtepe ndio ushahidi bora wa wema huo. Mtepe ulikuwa chombo cha Waswahili wa visiwa vya Lamu na mwambao wake, usiotumia misumari ya chuma. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi na kushikizwa kwa vijiti, na tanga lake la mraba lilisukwa kwa miaa. Omo yake ilinyooka mbele kama shingo ndefu, na mapokeo ya pwani huihusisha na ngamia wa Mtume. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mitepe ilitoweka baharini. James Hornell alipochapisha makala yake kuhusu mtepe na dau la Lamu mwaka 1941, alikuwa anaandika juu ya chombo kinachopotea. A.H.J. Prins, ambaye kitabu chake juu ya ubaharia wa Lamu kilitoka mwaka 1965, alilazimika kuuchunguza mtepe kwa njia ya maandishi, picha, kumbukumbu za wazee na mifano.

Mifano hiyo ilikuwapo kwa sababu kuna watu waliowahi kuitaka, kuilipia na kuihifadhi. Makumbusho ya Fort Jesus ya Mombasa na ya Lamu ni miongoni mwa mahali palipoitunza mifano ya vyombo vya pwani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtepe wa ukubwa kamili ulijengwa upya Zanzibar na kuwekwa katika jumba la Beit al Ajaib. Wajenzi wake hawakuwa na mtepe mzee wa kuufuata, kwa kuwa haukuwapo tena hata mmoja. Umbo lilirudi kutoka katika picha, maandishi na mifano. Jumba hilo lenyewe liliporomoka sehemu yake Desemba 25, 2020, tukio linalokumbusha kwamba hata makumbusho hayana kinga.

Umbo, basi, linaweza kurudi. Swali la mwanaisimu ni kama majina nayo yanarudi. Mfano wa mtepe unaonyesha mahali sindano ilipopita, lakini hausemi mshono ule uliitwaje, wala kijiti kile kiliitwaje, wala fundi alimwambia nini mwanagenzi alipokaza kamba kupita kiasi. Majina ya mtepe yanayojulikana leo yanajulikana kwa sababu Hornell, Prins na watunga kamusi kama Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ilianza kutoka mwaka 1939, waliuliza na kuandika. Palipokuwa hapana mtu wa kuuliza, mfano umebaki bubu.

Bei na gogo moja

Kasoro ya soko la mifano haimo katika kuuza. Fundi ana watoto wa kusomesha na nyumba ya kuezeka, na mfano uliokamilika hauliwi. Vilevile, kuagana na kazi ya mkono ni sehemu ya ufundi wowote. Muundaji wa jahazi la kweli naye huagana nalo siku ya kulishua, akabaki ufukweni huku nahodha akiondoka. Tofauti ni kwamba jahazi lililoshuliwa huondoka pamoja na watu wanaolitaja. Nahodha atasema demani, baharia atasema ngama, mchukuzi atasema farumi. Mfano huondoka peke yake.

Kasoro imo katika jambo jingine, nalo ni namna bei inavyopangwa. Kuna njia mbili za kutengeneza mfano wa jahazi. Ya kwanza ni ile iliyokwisha kuelezwa, ya kujenga mkuku, mataruma na mbao. Ya pili ni kuchonga kiwiliwili chote kutoka katika gogo moja, kukilainisha, kukipaka rangi, kisha kupachika mlingoti na tanga. Kwa mtazamaji aliyesimama mbele ya kibanda cha biashara, mifano hiyo miwili hufanana. Mmoja umechukua majuma mengi, mwingine siku chache. Mnunuzi asiyejua tofauti huchagua ulio rahisi, na fundi mwenye akili huacha kutengeneza ule usiolipa.

Matokeo yake katika lugha ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Mfano wa gogo moja hauna taruma hata moja, hauna darumeti, na mkuku wake si kitu kilicholazwa bali ni ukingo uliochongwa. Haukalafatiwi, kwa maana hakuna ubao uliokutana na ubao mwenzake. Mwanagenzi anayejifunza kazi hiyo kwa miaka mitano anaweza kuhitimu bila kuyasikia maneno hayo, si kwa sababu mwalimu wake hayajui, bali kwa sababu kazi haiyaiti. Juu ya yote, mfano huo hauna ngama. Ndani yake ni mti mtupu. Atakayetaka kuielezea methali kwa kutumia mfano huo ataionyesha tezi na ataionyesha omo, lakini marejeo hayatakuwapo.

Inafaa kulinganisha hali hiyo na ya Mauritius. Tangu miaka ya 1960 kisiwa hicho kimekuza kazi ya kutengeneza mifano ya meli kwa ajili ya wakusanyaji wa dunia nzima. Mafundi wake huunda zaidi meli za Ulaya, kama vile Victory na Bounty, kwa kufuata ramani za zamani. Ikitokea fundi wa Mauritius akasahau jina la sehemu fulani, ramani ipo katika hifadhi za Ulaya, na meli ya Victory yenyewe ipo Portsmouth hadi leo. Jahazi la Lamu halikuchorewa ramani. Ramani yake ni maneno ya fundi, na hifadhi yake ni kumbukumbu ya fundi. Kwa hiyo mnunuzi anayechukua mfano bila maneno yake, hata kama amelipa bei ya haki, amechukua nusu ya kitu na kuiacha nusu nyingine mahali isipoweza kudumu.

Namba na majina katika Ziwa

Historia ya Ziwa Viktoria inatoa funzo la upande wa pili. Meli kubwa za ziwa hilo zilifika kama mifano ya kuunganisha inavyouzwa leo ndani ya boksi, yaani kwa vipande vyenye alama. Meli ya mvuke William Mackinnon ilijengwa Scotland, ikafunguliwa, ikasafirishwa hadi Kisumu na kushuliwa huko mwaka 1900. Victoria, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, nayo ilitoka Scotland kwa vipande na kuunganishwa Kisumu. Katika Ziwa Tanganyika, meli ya Wajerumani iliyojengwa Papenburg mwaka 1913, ambayo baadaye iliitwa Liemba, ililetwa Kigoma katika masanduku yapatayo 5,000. Wafanyakazi wa Kiafrika walioziunganisha meli hizo walikabidhiwa vipande vilivyotiwa alama ili kila kimoja kikutane na mwenzake. Meli zikaelea, lakini lugha za ziwani hazikupata kutoka kwazo msamiati mpana wa uundaji, kwani kazi ilikwisha kufikiriwa na kupewa majina mahali pengine.

Mitumbwi ya wenyeji ilikuwa kinyume chake. Ile iliyosifika zaidi, ya visiwa vya Ssese nchini Uganda, ilijengwa juu ya gogo lililochongwa kuwa mkuku, na mbao za ubavuni zilishonwa kwa nyuzi za mimea. Hapo mtumbwi wa ziwa na mtepe wa bahari hukutana katika kitenzi kimoja, kushona. Hukutana pia katika mizizi ya maneno. Kafi ya Kiswahili na *enkasi* ya Kiganda ni neno moja la Kibantu, ambalo konsonanti yake *p* ilibadilika ikawa *f* pwani na *s* ziwani. *Obwato* ya Kihaya na *bwato* ya Kilingala hurejea katika shina moja la kale. Wanaisimu historia hutegemea maneno ya namna hii kueleza jinsi wasemaji wa Kibantu walivyosafiri kandokando ya maji. Kila neno la uundaji linalopotea bila kuandikwa ni ushahidi unaoondolewa mahakamani kabla ya kesi kusikilizwa.

Nyegina na kazi iliyo mbele

Katika mwambao wa Nyegina na Musoma husemwa Kikwaya, Kijita na Kiruri, pamoja na Kiswahili cha wavuvi. Kiswahili hicho kimebeba kutoka baharini maneno kama tanga, mlingoti, nanga na usukani, na kimeyaweka kando ya maneno ya lugha za wenyeji. Lugha hizo za mashariki mwa ziwa zimehifadhi hata kiambishi *ka-* cha udogo, ambacho Kiswahili Sanifu hukitekeleza kwa *ki-*. Kwa hiyo mtoto wa huko anayechonga mtumbwi mdogo wa kuchezea ana njia zaidi ya moja ya kuuita kitu chake, na uchaguzi wake ni data ambayo mtafiti wa lugha hawezi kuipata mjini.

Hali hiyo haitadumu yenyewe. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilianza kutoa kwa mkopo boti za faibagilasi kwa wavuvi wa Kanda ya Ziwa. Boti hizo ni imara, haziozi, na mvuvi mwenye akili timamu hatazikataa ili kuwafurahisha wanaisimu. Lakini kiwiliwili cha boti ya faibagilasi hutoka katika kalibu kikiwa kizima, kama vile mfano wa Lamu unavyotoka katika gogo moja. Maneno yaliyoshikwa na ubao, msumari na kalafati yatapoteza mahali pa kukaa. Vijiji vya ziwani vinaelekea kufika kwa njia ya maendeleo pale ambapo Lamu imefika kwa njia ya soko la watalii.

Hapa ndipo mfano unapoweza kufanya kazi ambayo mtumbwi wenyewe hautaifanya tena. Fundi wa mitumbwi aliye hai leo anaweza kuombwa ajenge mfano wa mtumbwi wa mbao kwa uwiano, ubao kwa ubao, huku mwanafunzi akirekodi kila jina, kila kitenzi na kila karipio. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekwisha kuonyesha njia. Kupitia Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza mwaka 2001, zilitolewa kamusi na orodha za misamiati za lugha nyingi, ikiwamo kamusi ya Ciruri ya David Massamba. Kinachoongezwa hapa ni kwamba badala ya kumuuliza mzee orodha ya maneno akiwa ameketi kitini, aulizwe akiwa na tezo mkononi. Mikono hukumbuka maneno ambayo kichwa kimeyasahau.

Hitimisho

Mapendekezo ya mhadhara huu ni matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

Kwanza, mfano wowote unaouzwa na fundi uandamane na hati ya majina: karatasi moja yenye mchoro wa chombo, majina ya sehemu zake kwa lugha ya fundi, aina ya mti, kipimo kilichotumika na jina la aliyeutengeneza. Mkusanyaji makini hulipa zaidi kwa kitu chenye asili iliyoandikwa. Hati hiyo itampa fundi sababu ya kifedha ya kurudia kujenga mataruma, kwa sababu mfano usio na taruma utaonekana katika hati kuwa hauna taruma.

Pili, makumbusho yenye mifano ya vyombo vya Waswahili na vya maziwa yaandike lebo zake kwa lugha za waundaji, si kwa lugha za wageni peke yake. Lebo inayosema tu kwamba hiki ni chombo cha Afrika Mashariki haimfundishi mtu kitu.

Tatu, watunga kamusi watoke maktabani. Tangu Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 hadi Kamusi Kuu ya mwaka 2015, msomaji anayetafuta vyombo vya majini hukutana mara nyingi na fasili fupi zinazosema ni aina fulani ya chombo au ni sehemu fulani ya chombo. Mfano mmoja uliojengwa vizuri, ukapigwa picha na kuandikwa majina, utarekebisha fasili nyingi kwa wakati mmoja.

Wakusanyaji wataendelea kununua, na ni vizuri wanunue, kwa kuwa bila wao hata umbo la mtepe lisingejulikana. Mafundi wataendelea kuagana na kazi zao. Linalowezekana ni kuhakikisha kwamba fundi anapouachia mfano wake, majina yake yameandikwa mara mbili: nakala moja iende na mfano, nyingine ibaki nyumbani. Hapo ndipo mwanafunzi wa Nyegina, wa Lamu au wa kwingineko atakapoweza kuulizwa ngama ni nini, akainama, akachungulia kati ya mataruma, na kuionyesha kwa kidole.